Nani Humchagua Mkalimani? Historia ya Ukalimani katika Bonde la Mto Tana na Garsen

1. Utangulizi

Mji wa Garsen umejengwa mahali ambapo barabara itokayo Malindi kwenda Lamu hukutana na ile ielekeayo Hola na Garissa. Kwa sababu hiyo umekuwa kwa miaka mingi mahali pa kukutania watu wa lugha mbalimbali. Katika baraza moja huweza kukaa mkulima Mpokomo, mfugaji Muorma, mfanyabiashara Msomali, Mgiriama aliyehamia kutoka kusini, na mtumishi wa serikali aliyeletwa na uhamisho kutoka bara. Hotuba ya ufunguzi hutolewa kwa Kiswahili, na hati zinazojadiliwa aghalabu huwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mazungumzo yanapofikia jambo zito, wazee hurejea katika lugha walizolelewa nazo, na hapo ndipo hutafutwa mtu wa kufasiri. Mara nyingi anayepatikana ni mwalimu, au karani, au kijana aliyemaliza shule na ambaye ameketi karibu.

Wataalamu wa lugha wameandika mengi juu ya lugha za bonde hili, lakini wamegusia kidogo tu watu waliozivusha lugha hizo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna wakalimani walivyochaguliwa katika bonde la chini la Mto Tana tangu karne ya 19 hadi leo. Hoja yenyewe ni kwamba, tangu siku za wamishonari hadi siku za mahakama na tume za uchunguzi, mkalimani amechaguliwa na upande uliotaka kusema. Upande uliopaswa kusikia haukuulizwa. Hasara ya jambo hilo imeonekana zaidi katika suala la ardhi na maji, ambalo limegharimu maisha ya watu.

Neno ukalimani linatumika hapa kwa maana ya kuhamisha maneno ya mdomo kutoka lugha moja hadi nyingine, ilhali tafsiri inahusu maandishi. Tofauti hii ina uzito wake. Mfasiri anaweza kurudi kwenye ukurasa na kujisahihisha. Mkalimani akikosea, wasikilizaji wamekwisha kusikia, na pengine wamekwisha kukasirika. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mkalimani hujikwaa kwa ulimi ambao si wake peke yake.

2. Lugha za bonde na mitego yake

Kipokomo, Kiilwana (ambacho pia huitwa Kimalakote), Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili ni lugha za kundi moja la Kibantu ambalo wanaisimu huliita Sabaki. Jina hilo ni la mto ulio kusini ya Tana. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliochapishwa mwaka 1993, umeeleza kwa kirefu udugu wa lugha hizi. Kwa upande mwingine, Kiorma ni tawi la Kioromo, lugha ya Kikushi. Wamunyoyaya nao huzungumza lugha ya jamii ya Kioromo, na miongoni mwa Wawardei husikika Kiorma na Kisomali. Katika misitu na pembe za delta wamo pia Waboni na Wadahalo, ambao lugha zao ni za Kikushi vilevile.

Kutokana na picha hii yazuka mitego ya aina mbili. Mtego wa kwanza ni wa ukaribu. Kwa kuwa Kipokomo ni ndugu ya Kiswahili, msemaji wa Kiswahili hudhani kuwa anaelewa kila neno, na aliyeandaa mkutano hudhani kuwa mkalimani hahitajiki. Isitoshe, Kipokomo chenyewe kina lahaja zake. Watu wa juu na watu wa chini hawasemi namna moja, na hata dini zimewagawa, kwa maana wengi wa watu wa juu ni Waislamu na wengi wa watu wa chini ni Wakristo. Mkalimani aliyezaliwa Ngao hawezi kuchukuliwa kuwa anatosha kila mahali mtoni kwa sababu tu anaitwa Mpokomo.

Mtego wa pili ni wa umbali. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Mtu akisema "alimwona akitoka", hapana ajuaye kama aliyetoka alikuwa wa kiume au wa kike. Kiorma hutofautisha, katika kiwakilishi na katika umbo la kitenzi pia. Kwa hiyo anayefasiri sentensi hiyo kwa Kiorma hulazimika kuongeza habari ambayo msemaji hakuitoa. Mkalimani mwangalifu atauliza kwanza. Asiye na mafunzo atakisia, na kisio lake litapokewa kuwa ushahidi. Aidha, kitenzi cha Kiorma hukaa mwishoni mwa sentensi, ilhali katika Kiswahili nafsi, wakati na ukanushi hufungamanishwa katika kitenzi ambacho hutangulia shamirisho. Anayefasiri kutoka Kiorma hana budi kungoja hadi sentensi ikamilike ndipo ajue kama jambo limekubaliwa au limekataliwa.

3. Wamishonari, wasafiri na mikataba

Kioromo ndicho kilichowavuta wamishonari wa kwanza kuja pwani hii. Johann Ludwig Krapf alikuwa amejifunza lugha hiyo akiwa Shewa, Ethiopia, na mwaka 1840 alichapisha muhtasari wa sarufi yake. Alipofika Mombasa mwaka 1844, mojawapo ya makusudi yake ilikuwa kuwafikia Waoromo kutoka upande wa kusini. Thomas Wakefield na Charles New, wa misheni ya Kimethodisti iliyokuwa Ribe, walisafiri hadi nchi ya Waorma katika miaka ya 1865 na 1866. Siku hizo wageni waliwaita watu hao Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi.

Mwaka 1885 Wamethodisti walianzisha kituo Golbanti, kando ya Tana, kwa ajili ya Waorma. Mwezi wa Mei 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo na Wamaasai waliovamia. Muda si mrefu baadaye misheni ya Neukirchen kutoka Ujerumani ilijenga kituo chake Ngao, miongoni mwa Wapokomo wa chini. Mmishonari Ferdinand Würtz aliandika juu ya sarufi na msamiati wa Kipokomo, na maandishi yake yalichapishwa katika majarida ya Ujerumani katika miaka ya 1890. Injili nazo zilianza kutafsiriwa.

Kazi ya Ngao ilikuwa na athari iliyodumu. Kipokomo cha chini kilipata maandishi, shule, na vijana waliozoea kuhama kati ya lugha yao, Kiswahili na lugha ya mgeni. Waorma, ambao lugha yao ndiyo iliyotafutwa kwanza, hawakupata shule za namna hiyo kwa muda mrefu, kwa maana maisha ya kuhamahama na mifugo hayakuafikiana na darasa la kituo kimoja. Serikali ilipokuja kutafuta makarani na wakalimani wanaojua kusoma, iliwaendea waliosoma. Hapakuwa na haja ya njama yoyote. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba upande mmoja wa mto ulikuwa na hazina ya wakalimani kuliko ule mwingine.

Upande wa siasa nao ulikuwa na mambo yake. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, mwezi wa Aprili 1885. Mwezi uliofuata Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya Witu. Mwaka 1890, kwa mapatano yaliyofanywa Ulaya, Ujerumani iliiachia Uingereza nchi hiyo. Katika mikataba ya namna hii mtawala wa Kiafrika alijua yaliyomo kwa kadiri alivyoelezwa, na mwelezaji aghalabu alikuwa amekuja na mgeni. Mfano mashuhuri zaidi ni ule wa Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889 baina ya Ethiopia na Italia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimruhusu Menelik kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Tofauti hiyo ya kitenzi kimoja ilichangia vita vilivyokwisha Adwa mwaka 1896. Menelik alikuwa na waandishi wake na jeshi lake, naye akaweza kuukana mkataba. Si kila mtawala wa pwani aliyekuwa na uwezo huo.

4. Mkalimani wa mahakama

Chini ya utawala wa Kiingereza na baada ya uhuru wa mwaka 1963, ukalimani uliingizwa katika sheria. Katiba ya uhuru ilimpa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, katika kifungu cha 198, inaagiza ushahidi ufasiriwe mbele ya mahakama kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliweka utaratibu wa kupokea ungamo la kosa: shtaka na viungo vyake vyote lazima vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, au kwa lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 imeihifadhi haki hiyo katika kifungu cha 50, na kifungu cha 49 kinaagiza aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa.

Sheria hizi zinasema kwamba mkalimani awepo. Hazisemi mengi juu ya jinsi ya kumpata wala jinsi ya kumpima. Katika mahakama za chini kazi hiyo imezoeleka kufanywa na karani wa mahakama. Mtu mmoja huita mashahidi, hupanga majalada, huapisha, kisha hufasiri. Akiwa hajui Kiorma, hutafutwa mwingine aliye karibu.

Inafaa kufuata safari ya neno katika mahakama kama hiyo. Shahidi husema kwa Kiorma. Mkalimani hulipeleka neno katika Kiswahili au Kiingereza, na hakimu huliandika kwa Kiingereza. Kwa desturi hiyo ya kuandika kwa mkono, kinachobaki jaladani ni Kiingereza tu. Jaji wa rufani hana njia ya kulijua neno la asili, kwa kuwa halipo tena popote. Shahidi aliyesema "saa mbili usiku" huweza kuandikwa kuwa alisema saa za kizungu, na tukio likasogezwa kwa muda wa saa sita. Aliyesema "ndugu yangu" huweza kuandikwa kuwa alimtaja mtoto wa mama yake, kumbe alimkusudia binamu. Makosa ya namna hii hayaonekani katika jalada, kwa sababu sentensi ya Kiingereza iliyoandikwa ni sahihi na haina dosari yoyote ya sarufi.

5. Neno malka

Katika mambo yote yaliyohitaji ukalimani Garsen na vijiji vyake, hakuna lililo zito kuliko ardhi. Neno la Kioromo malka, ambalo sasa hutumiwa na jamii zote za bonde, ni kipimo kizuri cha ugumu wake. Kwa asili lina maana ya kivuko au mahali ambapo mto hufikiwa. Kwa mfugaji wa Tana, malka ni ile njia ya mifugo kushukia mtoni, pamoja na mahali pa kunyweshea, na zaidi ya yote ni haki ya kufika hapo wakati wa kiangazi. Mkulima kwa upande wake hulima kando ya mto, ambapo mafuriko huacha udongo wenye rutuba, na ardhi ya ukoo wake hubaki kuwa ya ukoo hata katika mwaka ambao haikulimwa.

Mkalimani akilifasiri malka kuwa "njia ya ng'ombe", hakusema uongo. Walakini ameondoa haki na kuacha vumbi la kwato. Mkulima husikia kwamba mfugaji anadai kupita shambani, wakati mfugaji amesema kwamba anadai maji. Vivyo hivyo, mkulima akisema "shamba letu" juu ya ardhi iliyopumzishwa, na neno hilo likafasiriwa kwa Kiorma kwa maana ya mahali palipopandwa, mfugaji ataona kuwa mwenzake anaita shamba mahali pasipo hata mche mmoja. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na wote wawili watatoka barazani wakiaminiana kidogo kuliko walipoingia.

Mpango wa kupima ardhi na kutoa hati za kumiliki, uliopelekwa Tana mwanzoni mwa karne hii, uliwatia wafugaji hofu ya kufungiwa malka. Mapigano ya mwaka 2001 yaliua watu wengi. Mwaka 2012 yaliibuka tena kwa ukali zaidi. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu wapatao 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kilelengwani ilifuata mwezi wa Septemba, na Kipao mwezi wa Desemba. Zaidi ya watu 100 walikufa katika miezi hiyo, na jamii zote mbili zilizika wafu wake. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya uongozi wa Jaji Grace Nzioka.

Ingekuwa ni kosa kudai kwamba vita hivyo vililetwa na tafsiri mbaya. Vililetwa na ukame, siasa, silaha na mashindano juu ya ardhi. Hata hivyo, kila jaribio la kuvizuia lilipitia kinywa cha mkalimani. Baraza la wazee wa Kipokomo, yaani Gasa, na lile la Waorma, yaani Matadeda, kila moja lina istilahi zake za kiapo, fidia na suluhu. Istilahi hizo haziwezi kuachiwa mtu aliyeitwa asubuhi hiyo kwa sababu alikuwa karibu.

6. Funzo kutoka Arusha

Mfano wa kulinganisha unapatikana Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilikuwa na lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi, hata hivyo, walisema Kinyarwanda. Mwanzoni maneno yao yalipelekwa kwa Kifaransa, kisha mkalimani mwingine akayatoa katika Kifaransa na kuyapeleka kwa Kiingereza. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, majaji walieleza wazi ugumu huo. Walikuwa wamemwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awafafanulie maneno kama inyenzi na ibyitso, kwa kuwa maana yake ilitegemea nani alisema, wapi, na mwaka gani. Neno la kwanza kwa asili ni mende. Katika mwaka 1994 lilikuwa ni amri ya kuua.

Funzo lake ni kwamba mahakama ile ilikiri tatizo katika hukumu yenyewe, na ikaufanya ujuzi wa lugha kuwa sehemu ya ushahidi. Kiorma na Kipokomo havina haki ndogo kuliko Kinyarwanda.

7. Vigezo vya kuchagua

Historia iliyoelezwa inatoa vigezo vinavyoweza kutumiwa na yeyote anayeandaa mkutano wa lugha nyingi katika bonde hili.

Kwanza ni kuuliza lugha na lahaja za watakaohudhuria kabla ya kumtafuta mkalimani. Pili ni kupima uwezo wake kwa pande zote mbili. Mtu anaweza kuleta Kiorma katika Kiswahili kwa ufasaha, na akashindwa kurudisha lugha ya sheria kwa wazee. Tatu ni uhusiano wake na ugomvi. Penye mgogoro wa jamii mbili wafaa wakalimani wawili, kila upande ukimkubali wake, na kila mmoja akiruhusiwa kumsahihisha mwenzake mbele ya watu. Mashahidi wa kike waliodhulumiwa wapewe mkalimani wa kike wakimtaka, na viziwi wapewe mkalimani wa lugha ya ishara, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua.

Nne ni aina ya ukalimani. Ule wa papo kwa papo, unaofanywa ndani ya kibanda kwa vipaza sauti na visikizi, ulipata umaarufu katika mashtaka ya Nuremberg ya 1945 na 1946. Unafaa mikutano mikubwa yenye ratiba kali, lakini huhitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi. Katika baraza la Garsen, ambapo kitenzi cha Kiorma hungojewa hadi mwisho, ukalimani wa kufuatizana ndio ufaao: msemaji hutua, mkalimani husema. Huchukua muda maradufu, na muda huo hauna budi kuwekwa katika ratiba. Tano ni matayarisho. Mkalimani apewe hati siku kadhaa kabla, na istilahi kama malka zijadiliwe na wazee wa pande zote. Sita ni kurekodi sauti ya lugha ya asili, ili neno lisipotee likishaandikwa kwa Kiingereza. Saba ni malipo na kiapo. Mkalimani anayelipwa na mwekezaji peke yake ataonekana kuwa mtu wa mwekezaji, hata akiwa mwaminifu.

Sheria zenyewe zinalidai jambo hili. Kanuni za mwaka 2003 za kukadiria athari za miradi kwa mazingira zinaagiza mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mratibu mwenye sifa wa kupokea maoni pamoja na tafsiri zake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mapatano na mwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii mkutanoni. Theluthi mbili ya watu walioinua mikono bila kuelewa ni hesabu isiyo na maana.

8. Hitimisho

Vyuo vikuu vya Kenya sasa vinafundisha ukalimani, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo maalumu cha kazi hiyo. Mafunzo ya namna hii kwa kawaida hulenga lugha za mikutano ya kimataifa. Idara za lugha za Kiafrika zina wajibu wa kulijaza pengo lililobaki. Zinaweza kukusanya istilahi za ardhi, maji, kiapo na fidia katika Kiorma, Kipokomo na Kiilwana, na kuwafunza vijana wa jamii hizo, hasa wale ambao shule ziliwafikia kwa kuchelewa. Mahakama Kuu ina kituo chake Garsen, na mabaraza ya ardhi yanaendelea. Mkalimani wa baraza lijalo angali anaweza kuchaguliwa mapema, na kwa idhini ya wale watakaomsikiliza.